Daftari la Nikipendacho na Nisichokipenda

Mwezi uliopita nilikwenda Isiolo kuhudhuria harusi. Aliyenialika ni rafiki yangu wa tangu ujana, Mborana wa pale pale mjini, ambaye wazazi wake walimleta pwani katikati ya miaka ya themanini kusoma skuli ya bweni. Tulilala bweni moja, tukala maharagwe ya sufuria moja, na siku ya Ijumaa tukiandamana msikitini. Yeye akinicheka kwa kuogopa ngamia, nami nikimcheka kwa kuogopa bahari. Leo sote tuna mvi. Yeye ni mfanyabiashara wa mifugo, nami, kama ujuavyo ndugu msomaji, ningali nahangaika na kalamu.

Asiyepata kufika huko yafaa ajue kwamba njia yenyewe ni ajabu. Ukishapita Nanyuki na Timau waona mashamba ya ngano, na baridi ya Mlima Kenya yakupiga hata watamani blanketi. Kisha barabara huanza kuteremka, na katika muda mdogo tu baridi yote imekuacha, koti limekuwa mzigo, na mbele yako ni nchi tambarare ya migunga isiyo na mwisho. Hapo mguuni pa mteremko ndipo Isiolo ilipo. Ni mji wa Waborana na Wasomali, Waturkana na Wasamburu, Wameru na Wasakuye, na kila mmoja wao atakwambia kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 kaunti nzima ilikuwa na watu 268,002, yaani ni wachache kuliko wa mtaa mmoja au miwili mikubwa ya Nairobi, lakini kwa wingi wa lugha ni bahari.

Jioni ya kwanza, baada ya Isha, rafiki yangu alinitolea kitu kilichonifanya nicheke hata machozi yakanitoka. Lilikuwa daftari letu la mwaka 1986. Wasomaji wa rika langu watayakumbuka yale madaftari tuliyoyaita otografu. Kila rafiki alipewa ukurasa wake, akaandika jina lake, jina la utani, chakula akipendacho, mwimbaji ampendaye, filamu aipendayo, mchezaji wake, na mwishoni kabisa akajaza mstari mmoja: Nisichokipenda. Wengine walipamba kurasa zao kwa maua na mioyo iliyochomwa mishale. Wangu haukuwa na pambo. Chakula: wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mwimbaji: Juma Bhalo. Mchezaji: Maradona, ambaye mwaka ule hapana mtoto asiyemwandika. Filamu: Sholay, ambayo nilikuwa nimeshaiona mara saba, nne kwa tiketi na tatu kwa kupenya. Na nisichokipenda nilikuwa nimeandika hivi: "Hesabu, na muziki wa makelele."

Kumbe nilikuwa mzee tangu nina miaka kumi na sita! Watoto wangu wakisoma haya watasema hawakushangaa.

Sasa, kwa kuwa nilikaa Isiolo siku tano, na kwa kuwa mwenyeji wangu ana nyumba iliyojaa vijana, nilikuwa na nafasi ya kuulizia ni nini wakipendacho na wasichokipenda watoto wa leo wa mji ule. Nataka niyaandike hapa pamoja na yangu mwenyewe. Huenda mhariri akauliza mambo ya kupenda na kuchukia yanahusu nini na habari za nchi. Namwomba asubiri kidogo.

Nianze na muziki. Nikaha ilifungwa msikitini kwa utaratibu, kwa hotuba fupi na mahari iliyotajwa waziwazi, nami nikapendezwa. Lakini usiku, upande wa kina mama, palikuwa na masanduku ya sauti makubwa kama makabati, na vijana wawili wenye kompyuta. Nilikuwa nimeketi nje na wazee, chai ya maziwa ya ngamia mkononi, nikitarajia kusikia nyimbo za Kisomali au za Kiborana. Nyimbo hizo zilikuja, na wanawake wakaziitikia kwa makofi na vigelegele. Lakini zaidi ya hizo, wimbo baada ya wimbo, nilikisikia Kiswahili. Tena si kile cha Mombasa wala cha Lamu. Ni kile cha Dar es Salaam, cha hao wa Bongo Fleva. Mabinti wa Kiborana ambao nyumbani hawasemi Kiswahili ila dukani na skulini waliimba neno kwa neno, hata yale maneno ya mafumbo ambayo mimi nayajua kuwa ni ya kitaarabu.

Nikamuuliza binti mdogo wa mwenyeji wangu, wa miaka kumi na minane, "Huyu aimbaye ni nani?" Akaniambia ni Zuchu. Nikamwambia, "Wamjua mamake?" Akasema hamjui. Basi nikamweleza kwamba mama yake Zuchu ni Khadija Kopa, malkia wa taarabu, na kwamba ule ujuzi wa kurusha kijembe huku ukitabasamu hakuuokota njiani. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba maji ya bomba yatoka mtoni.

Hapo ndugu msomaji nilipata furaha na uchungu kwa pamoja. Furaha ni kwamba lugha yetu imefika mpaka huko, imekaa ndani ya harusi za watu, na haikupelekwa kwa amri wala kwa mtihani. Uchungu ni kwamba haikupelekwa na sisi. Sisi wa Mombasa tulikuwa na Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, tukawa na Zein l'Abdin, fundi wa udi aliyefariki mwaka 2016, tukawa na Zuhura Swaleh na Maulidi Juma, na kaseti zao katika zama zile zilikwenda mbali. Rafiki yangu aniambia kwamba yeye mwenyewe alirudi likizo na kaseti tatu za Bhalo, na kwamba babake, mtu wa ngamia asiyejua taarabu ni mnyama gani, alizipenda kwa sababu zilimkumbusha nyimbo za filamu za Kihindi. Na kweli Bhalo hakuficha kwamba alizitia lahani za Kihindi maneno ya Kiswahili. Lakini baada yao tulifanya nini? Tuliketi barazani tukawalaumu vijana.

Nami sitaki kusema kwamba napenda kila kisemwacho kwa Kiswahili. Wale waimbaji wa Nairobi walioanza kutajwa sana tangu mwaka 2018 kwa jina la Gengetone, na ndugu zao waliokuja baadaye, siwapendi, nasema waziwazi. Si kwa sababu ya Kiswahili chao kilichovunjwavunjwa, kwani mshairi mwenye akili hujua kwamba lugha ya mtaani nayo ina utamu wake, na mimi mwenyewe nimeiba maneno mengi kwa makuli na mabaharia. Nisilolipenda ni matusi juu ya wanawake, yanayoimbwa ndani ya matatu ambamo mama wa mtu ameketi na kanga yake. Fumbo lilibuniwa ili mambo mazito yaweze kusemwa mbele ya wakwe. Atupaye fumbo ametupa ufundi wenyewe, kisha ajiita msanii.

Katika chakula sina malalamiko, ila moja nitakalolitaja. Nilikuwa sijapata kuonja nyirinyiri ya kweli, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo vidogo, ikakaushwa na kukaangwa, kisha ikahifadhiwa ndani ya samli hata ikadumu muda mrefu bila ya barafu. Mwenyeji wangu akaniwekea na anjera. Wallahi nilisahau samaki wa kupaka, Mungu anisamehe. Na maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi kwa sababu chombo hufukizwa kwa kuni kabla ya kutiwa, mwanzo yalinishinda, siku ya tatu nikawa nayaulizia mwenyewe. Maziwa hayo ni biashara kubwa ya kina mama wa Isiolo. Kuna chama chao cha ushirika kiitwacho Anolei, na mitungi yao ya plastiki hupakiwa kwenye mabasi mpaka Eastleigh, Nairobi. Mtu akija kukwambia kwamba wanawake wa kaskazini hukaa ndani tu wakingoja kuletewa, mpeleke kituo cha mabasi cha Isiolo akaone ni nani ahesabuye pesa.

Lile moja ni mairungi. Isiolo iko mlangoni pa Nyambene yanakolimwa, basi huletwa mabichi, na kila kibaraza kina watu wenye mashavu yaliyovimba. Najua kwamba hapa pwani nami nina wasomaji ambao mashavu yao si mepesi, na najua kwamba wakulima wa Meru wala kwa zao hilo, hata Uingereza ilipolipiga marufuku mwaka 2014 nyumba nyingi zililia. Najua pia yaliyotokea kwetu mwezi wa Mei 2024, magavana wa Mombasa na Kilifi walipoikataza muguka isiingie, wakulima wa Embu wakapanda hasira, na mahakama ikalisimamisha katazo. Mimi si hakimu. Nasema tu kwamba sipendi kitu kimfanyacho mwanamume aongee masaa sita kuhusu kazi atakayoifanya kesho. Wazee wenzangu pale barazani walicheka niliposema hivi, kisha mmoja akanijibu, "Na nyinyi wa pwani mwaongea masaa sita bila ya mairungi." Nikanyamaza.

Lakini jambo ambalo lilinikaa moyoni kuliko muziki na chakula ni filamu. Kijana mmoja wa pale, mwalimu wa skuli ya msingi, aliniuliza kama najua kwamba Isiolo iliwahi kuonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani. Nikadhani ataka kunitajia habari ya Joy Adamson na simba wake Elsa, kwani bibi huyo aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1960, kikafanywa filamu mwaka 1966, naye akauawa katika hifadhi ya Shaba mwezi wa Januari 1980. Mumewe, George, alikuwa bwana wanyama hapo Isiolo. Dunia nzima ilimpenda yule simba. Sikumbuki kusikia Mzungu aliyeuliza jina la mtu yeyote wa Isiolo.

La, yule mwalimu hakukusudia hilo. Alikusudia mchezo uitwao Survivor, uliopigwa picha hapo Shaba mwaka 2001. Wamarekani kumi na sita waliletwa nyikani wakaishi siku thelathini na tisa, wakishindana na kutoana mmoja mmoja, na wa mwisho akachukua dola milioni moja. Waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likaitwa Boran, la pili likaitwa Samburu. Baadaye makundi yalipochanganywa, wakajipa jina Moto Maji, maneno mawili ya Kiswahili yasiyokuwa hata na kiungo katikati, kama mtoto achezaye na kamusi.

Hilo la jina ningelisamehe. Lakini katika mashindano yao mojawapo walitakiwa kunywa damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa, ati ndiyo desturi ya nchi. Desturi ya nani? Wako wafugaji wa nchi hii ambao ndiyo desturi yao, na hiyo ni haki yao, siwasemi. Lakini Waborana wa Isiolo walio wengi ni Waislamu, na kwa Mwislamu damu ni haramu, jambo ambalo mtoto wa chuo hulijua kabla hajahitimu juzuu ya kwanza. Basi mamilioni ya watu huko Marekani waliketi sebuleni wakaona kundi lenye jina la Boran likinywa damu, na wenye jina hilo hawakuulizwa. Yule mwalimu aliniambia, "Mimi sina ugomvi na mchezo. Ningependa tu wangetuuliza jina." Nami kwa haki nitaongeza kwamba mshindi wa mchezo ule, Ethan Zohn, sehemu ya zawadi yake aliitumia katika kuanzisha shirika la kufundisha vijana wa Afrika habari za ukimwi kwa njia ya mpira. Mtu mmoja mmoja huweza kuwa mwema ndani ya shughuli isiyo na adabu.

Neno adabu lanikumbusha marehemu Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa kwetu Freretown, aliyefariki mwezi wa Februari 2025. Tangu mwaka 1966 alikuwa na kipindi chake cha redio kiitwacho Je, Huu ni Ungwana?, na rafiki yangu aniambia kwamba hata Isiolo Jumapili watu walikusanyika penye redio kumsikiliza akiuliza kama ni ungwana mtu kukohoa bila ya kuziba mdomo au kumwamkia mwenzio huku unatafuna. Kipindi kizima kilikuwa orodha ya yapendezayo na yasiyopendeza! Tukaanza, mimi na rafiki yangu, kutunga vipindi ambavyo Mbotela angekuwa navyo leo. Mtu ashikaye mkono wako huku macho yako kwenye simu. Mtu apigaye picha janaza. Dereva wa tuktuk asimamaye katikati ya njia kupokea simu. Kwa upande wa yapendezayo tukaandika lile katazo la mifuko ya plastiki la Agosti 2017, kwani zamani migunga ya kuingilia Isiolo ilikuwa imechanua mifuko myeusi mithili ya kunguru, na mbuzi wakiila wakafa.

Lakini lililomkasirisha rafiki yangu hasa, hata akaweka kikombe chini, ni picha za sadaka. Katika ule ukame uliodumu tangu mwaka 2020 mpaka mapema 2023, mvua za misimu mitano mfululizo zilipokosekana na mifugo ikateketea, watu wengi wema walileta unga, maji na futari. Wengi wao Mwenyezi Mungu awalipe. Ila walikuwako waliokuja na mfuko mmoja wa unga na wapiga picha wanne. Mzee aliyekuwa na ng'ombe mia mbili, aliyekuwa akichinja kwa ajili ya wageni asiowajua, alisimamishwa juani ashike mfuko, atabasamu, ashike tena kwa kuwa picha ya kwanza haikutoka vizuri. "Jirani yangu," akasema rafiki yangu, "alirudi na unga, akaufungia chumbani, hakuula siku mbili. Na watoto wana njaa." Sisi chuoni tulifundishwa kwamba sadaka huharibiwa na masimbulizi, na masimbulizi ya zamani yalikuwa ya mdomo, yakisahauliwa. Haya ya leo hubaki ndani ya simu za watu milele. Na hapa kwetu Mombasa kila Ramadhani twayaona yale yale. Nalisema jambo hili kwa uchungu kwa sababu wafanyao si makafiri. Ni sisi wenyewe.

Sasa nije penye lile ambalo nilimwomba mhariri alingoje.

Katika lile daftari la 1986, ukurasa wa rafiki yangu mwenyewe, mbele ya neno Nisichokipenda, palikuwa pameandikwa: "Kuulizwa kwetu ni wapi." Nakumbuka tulimcheka. Sisi tulikuwa tumeandika hesabu, uji, na mwalimu wa zamu. Hatukuelewa. Kila alipopanda basi kuja skuli alisimamishwa na kuulizwa. Alikuwa mtoto wa Isiolo, na Isiolo tangu zama za Mwingereza ilikuwa lango la nchi iliyofungwa, ambamo mtu hakutoka wala kuingia ila kwa ruhusa. Hata leo utawasikia wazee wa huko mtu akisafiri kwenda Nairobi wakisema, "Amekwenda Kenya." Kisha vikaja vile vita vya shifta, tangu 1963 mpaka 1967, ambapo Waborana wa Isiolo walikusanywa makambini na ngamia na ng'ombe wao wakaangamia. Kipindi hicho wao wakiita Gaaf Daaba, zama za kusimamishwa. Mamake rafiki yangu alikuwa Msomali, wa kizazi cha wale askari wa Mwingereza waliopewa makazi Isiolo baada ya vita vikuu vya kwanza. Mwaka 1989 Wasomali wa nchi hii walipopangwa foleni kuchujwa na kupewa kadi maalumu ya rangi ya waridi, wajomba zake walisimama foleni hiyo, baadhi yao na medali za baba zao mfukoni.

Na wewe msomaji wa pwani usidhani haya ni ya jirani. Mwaka 1970 bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda katika vita vile. Soma sehemu zilizotajwa humo: Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Lamu! Miaka arobaini na miwili kabla ya marais kuja Lamu mwezi wa Machi 2012 kuzindua ule mradi wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta uiitwao LAPSSET, uliokusudiwa kuiunganisha Lamu na Isiolo, miji hiyo miwili ilikuwa imeshaunganishwa kwenye karatasi. Gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilifunguliwa mwaka 2021. Isiolo ilifunguliwa uwanja wa ndege wa kimataifa mwaka 2017. Nilipita hapo mara mbili, nikaona jengo zuri na mbuzi kadhaa kando ya ua, ndege sikuiona. Lami ya kwenda Moyale ni neema kubwa, siikanushi, kwani zamani lami ilikuwa ikikoma hapo hapo mjini. Reli bado ni maneno.

Mwezi ule ule wa Februari 2025 tulipomzika Mbotela, Rais William Ruto alitangaza huko Wajir kwamba kuchujwa kwa watu wa kaunti za mipakani kabla ya kupewa vitambulisho kumekomeshwa. Ni jambo la kushukuriwa, na Isiolo watu walishukuru. Huku kwetu Wamakonde walilazimika kutembea kwa miguu kutoka Kwale mpaka Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa, na Wapemba wakangoja mpaka 2023. Na ni wangapi kati yetu, wenye majina ya bin na bint, ambao wameulizwa cheti cha babu ofisini, wakati mwenye kuuliza mwenyewe hana cheti cha babu yake? Napenda kuamini kwamba neno la Rais litafika mpaka kwenye kila dirisha. Lakini amri hutoka juu kwa siku moja, na mazoea ya karani yamejengwa kwa miaka sitini.

Nasema hivi kwa sababu ya yule binti mpenzi wa Zuchu. Siku ya nne ya ugeni wangu alikwenda kwenye ofisi fulani kufuatilia kipande chake, maana chuo alichopata nafasi chataka nambari. Alitoka asubuhi na kitambulisho cha babake, cha mamake, cheti cha kuzaliwa na cha skuli. Alirudi baada ya Adhuhuri. Nikamuuliza, "Mwanangu, vipi?" Akasema, "Ami, wamenipokea vizuri." Kisha akaketi, akavua viatu, akasema kwamba karani alikuwa mwenye heshima sana, alimwita dada, akamwambia siku hizi hakuna tena mambo ya kuchuja. Halafu akamuuliza babu yake mzaa mama alizaliwa wapi.

Babake hakusema kitu. Aliinuka akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Usiku ule, ili kumchangamsha, nilimpa yule binti lile daftari la 1986, nikamwonyesha ukurasa wa nyuma uliokuwa mtupu, nikamwambia aandike wake. Alicheka sana kwa Maradona na kwa jina langu la utani, ambalo silitaji hapa. Akachukua kalamu. Chakula: nyirinyiri ya nyanya. Mwimbaji: Zuchu, na pembeni, kwa herufi ndogo, "mtoto wa Khadija Kopa." Filamu akaandika moja ya Kituruki ambayo jina lake siwezi kulitamka. Mchezaji akauacha mtupu, akisema mpira haumhusu. Alipofika kwenye mstari wa mwisho alifikiri kidogo, akapindua ukurasa akaona aliloliandika babake, akarudi kwenye wake.

Akaandika neno moja: "Kungoja." Kisha akatoa mkobani ile karatasi ya stakabadhi aliyopewa ofisini, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya daftari ili isipotee.